Mama Editha Lugome, Aliyewasubiri Wakubwa Warudi Zombo

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumatano tarehe 11 Februari 2026, ni Mama Editha Simoni Lugome, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Zombo kwa miaka kumi. Wasifu huu umeandikwa na watoto wake watatu na unasomwa na Lightness, kitindamimba. Marehemu hakupenda sifa za kumpaka mtu akishakufa. Alikuwa akikaa misibani, akisikiliza wasifu wa wengine, kisha anamnong'oneza jirani yake, "Huyu wanayemsema mbona simjui?" Kwa hiyo tumejitahidi kumsema yule tuliyeishi naye.

Alizaliwa Ruhembe tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Simoni Lugome, mkata miwa, na mkewe Mama Ida. Alikulia katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Msimu wa kuchoma miwa, majivu meusi yalitua kwenye nguo zilizoanikwa, na Mama Ida akazifua upya bila kumlaumu mtu. Marehemu alisema kwamba kwa mama yake alirithi sura, subira wakaichukua wadogo zake.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ruhembe kuanzia mwaka 1969 hadi 1975 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, akalia siku mbili, ya tatu akaenda shambani. Mwaka 1977 alichukuliwa kwenye mafunzo ya ualimu wa UPE, yale yaliyowapa vijana wa darasa la saba chaki na kuwaambia wakafundishe wadogo zao, akapangiwa hapa Zombo. Alifundisha darasa la kwanza na la pili hadi mwaka 1984. Mwanafunzi wake mmoja, ambaye leo ni mtu mzima mwenye heshima zake na yupo hapa msibani, alikuwa akila chaki. Familia inalihifadhi jina lake.

Tarehe 25 Septemba 1982 alifunga ndoa takatifu, kanisani Kilosa, na Yeremia Chamgeni, fundi baiskeli. Mungu aliwajalia watoto watatu: Agatha, Alex na Lightness. Baba yetu alikuwa mtu wa maneno machache na mama alikuwa mtu wa maneno mengi, wakapatana vizuri sana. Baba alitangulia mbele za haki mwaka 2011.

Mwaka 1985 walihamia Mikumi, ambako marehemu alifungua mgahawa wa mama lishe kando ya barabara kuu. Madereva wa malori walimwita Mama Agatha na walimwogopa kidogo. Siku moja tembo alitoka hifadhini akaja moja kwa moja kwenye maboga yaliyokuwa nyuma ya jiko. Wateja walikimbia, mmoja akiwa na sahani yake mkononi. Marehemu akatoka na sufuria na mwiko, akagonga huku akifoka, "Hapa sijapikia tembo! Nenda kwenu!" Tembo akala boga moja, akaondoka taratibu. Mama aliporudi ndani alikaa chini, asiinuke tena mpaka jioni, na hapo ndipo tulipojua kwamba naye huogopa. Familia ilirudi Zombo mwaka 2003 kulima mahindi na mpunga.

Wanakijiji walimchagua kuwa mwenyekiti mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Alipatanisha ndoa, akagawa maji ya kisima, na kila mwaka baada ya mvua akasuluhisha kesi za ng'ombe na mashamba mpaka akawa anaziota. Hayo mnayajua. Kuna moja mnalolijua nusu, na familia imeona leo ilimalizie nusu iliyobaki.

Alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Juni 2022 kitu kilianguka kutoka angani karibu na boma la Kulet, mfugaji aliyeishi nasi tangu mwaka 2006. Lilikuwa sanduku jepesi lenye nyaya na maandishi ya kigeni, limefungwa kwenye kitambaa cheupe kikubwa kama turubai. Kulet aliliweka sanduku pembeni. Kitambaa akakitandaza juu ya zizi la ndama, maana walikuwa hawana kivuli. Kisha akaja kwa mwenyekiti kutoa taarifa, kama mkazi yeyote anavyotakiwa.

"Shikamoo mama. Kuna kitu kimeanguka kule kwangu."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Mimi sikijui. Ila kitambaa chake kizuri kweli."

Mama akapiga simu kwenye kata akasema kuna kitu kimeanguka, waje wakitazame. Simu ikapanda ngazi. Wilayani kikawa kifaa, mkoani kikawa chombo, na ilipofika jioni, kwenye simu za watu, kilikuwa kombora. Mpaka hapo hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa amekuja kukiona.

Walikuja Jumamosi, kwa msururu wa magari na gari la matangazo mbele, wakaitisha mkutano wa hadhara. Wa kwanza kusimama alisema nchi yetu imechokozwa. Wa pili hakutaka kuachwa nyuma, akasema imeshambuliwa. Wa tatu alikuwa mgeni rasmi, na hakubakiwa na neno kubwa zaidi ya hayo, kwa hiyo akasema taifa la nje lililotushambulia linajulikana, ila kwa leo hatalitaja, na kwamba lina watu wake humuhumu kijijini. Akauliza kile kitambaa cheupe juu ya zizi kilitandazwa kwa ajili gani, kama si alama ya kuzielekeza ndege za adui. Watu walipiga makofi. Tulipiga wote, hata sisi watoto wake, maana mtu akikwambia umeshambuliwa moyo unadunda na mikono inapiga yenyewe. Kulet akafungwa pingu pale pale, mbele ya mkewe Nashipai na mwanawe Telele.

Marehemu alisimama akaomba kipaza sauti. Walimpa wakidhani anataka kushukuru.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo. Huyu mtu namfahamu. Ng'ombe wake wamekula mahindi yangu mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu, na tumetukanana mpaka tukazoeana. Kitu kilipoanguka yeye ndiye aliyekuja kuniambia. Jasusi gani anakwenda kujishtaki kwa mwenyekiti? Hicho kitambaa ni kivuli cha ndama, twende tukaone ndama."

Kipaza sauti kikazimwa. Mgeni rasmi akasema, kwa upole kabisa, kwamba Mama Mwenyekiti amechoka na apewe maji ya kunywa. Watu wakacheka. Hawakwenda kuwaona ndama.

Kulet alikaa mahabusu hadi Januari 2023, akaachiwa bila kushtakiwa kwa lolote. Mwezi uliofuata wakaja watu wawili wa utafiti wa anga, vijana wapole, wakaeleza ofisini kwamba lile lilikuwa puto lao la kupimia hali ya hewa, limepeperushwa na upepo kutoka mbali likapasukia juu yetu. Kitambaa kilikuwa mwavuli wake wa kushukia. Waliomba radhi, wakachukua sanduku lao, wakaenda. Marehemu alifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akawapigia wakubwa simu kuwaambia jambo limejulikana, waje walisafishe jina la mtu pale pale walipolichafua.

Kumbe wakubwa walikuwa wanajua tayari. Mmoja alimjibu, "Mama Mwenyekiti, suala hilo limefungwa. Tusiwachanganye wananchi."

Alilisema mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, mara mbili, na familia inalikumbuka jibu alilopewa na jirani yetu mmoja, "Mama, wale walisema kwa kipaza sauti na televisheni ikaonyesha. Wewe unatuambia kwa mdomo mtupu." Hapo akaelewa kwamba neno hili lingeondolewa na waliolileta, basi. Akaanza kuwasubiri.

Walikuja kuzindua kisima, akawaomba. Walikuja kupanda miti, akawaomba. Walikuja kuangalia barabara iliyokatwa na mvua, akawafuata mpaka kwenye tope. Kila safari aliambiwa, "Baadaye, mama, ratiba imebana." Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nimechoka, wanangu." Alimaliza uenyekiti mwaka 2024 akiwa bado anasubiri, na hakugombea tena.

Wakati huohuo maisha ya nyumba ya Kulet yalikuwa mabaya, na tuseme ukweli, tuliyafanya mabaya sisi. Hakuna aliyenunua maziwa ya Nashipai, watu walisema yana dawa. Telele aliitwa Bomu shuleni mpaka akaacha shule, akiwa darasa la sita. Marehemu hakupenda maziwa tangu utotoni, lakini kila asubuhi alikwenda kuyanunua, akapita nayo katikati ya soko, ndoo wazi, akisalimia kila mtu kwa jina. Nyumbani tulikunywa maziwa, tukayagandisha, tukayapikia wali, tukachoka nayo kabisa. Alex aliwahi kulalamika. Akajibiwa, "Kunywa, mwanangu. Hiyo ndiyo siasa iliyobaki."

Kisukari kilimwanza mwaka 2019 na hakikumwacha. Mwaka jana mwezi wa Septemba figo zilianza kushindwa kazi, akatibiwa Mikumi, baadaye Morogoro. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani waliosafiri kwa pikipiki na kwa miguu kuja kumwona. Mwishoni mwa Januari aliomba arudishwe nyumbani. Hakuwa na hofu. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyesimama kwenye foleni siku nzima akafungiwa dirisha.

Siku chache kabla hajafariki alimwita Lightness, akamwambia, "Nikiwa hai ratiba zinawabana. Nikifa watakuja, tena watawahi viti vya mbele. Msibani hawakosi. Mimi nitakuwa nimelala, ila ninyi midomo mnayo."

Aliaga dunia Jumapili tarehe 8 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, Agatha akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu, Agatha, Alex na Lightness, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, wadogo zake wanne, wale walioichukua subira yote, na wanakijiji wa Zombo, aliowagombeza na kuwapenda bila kubagua.

Ratiba mliyonayo mkononi inaonyesha kwamba baada ya wasifu huu ni salamu za viongozi. Mmefika, waheshimiwa, na mmewahi. Familia inashukuru kwa moyo wote. Rambirambi zenu tumezisoma. Zinasema marehemu alikuwa mzalendo aliyesimama imara wakati kijiji chake kiliposhambuliwa. Kwa heshima zote tunaomba sentensi hiyo isisomwe, kwa sababu kijiji hiki hakikushambuliwa na mtu yeyote, na yeye hakusimama dhidi ya adui. Alisimama mbele yenu.

Kulet amekuja. Ni yule pale nyuma ya turubai la mwisho, amesimama na mkewe, kwa kuwa hakuna aliyewasogezea kiti. Atakayeanza kutoa salamu, hatumwombi hotuba. Amwite kwa jina lake, mbele ya watu hawa, aseme kwamba hakuwa adui wa nchi hii na kwamba wakubwa walikosea. Wachimbaji wamekwisha maliza kazi, na padre ameridhia kusubiri. Jeneza halitateremshwa mpaka neno hilo lisemwe, na likichukua mpaka jioni tutakaa mpaka jioni, kwani kukaa tumezoeshwa.

Likishasemwa, Mungu na ampokee Mama Editha, ampe kupumzika. Amesubiri vya kutosha.