Niliombewa Kichwa, Kuwasha Kulikuwa Kwingine

Kwii, kwii, kwii.

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Hiyo ni sauti ya benchi ya tatu ya chorale yetu, kwaya ya kanisa, hapa Tshopo. Hata leo ninaisikia vizuri. Ubao wake mmoja umelegea. Mwenye kuukalia akijisogeza kidogo tu, unalia. Na miezi ile miwili, mwenye kujisogeza nilikuwa mimi.

Nilikuwa ninawashwa. Si mgongo, si mguu. Ni sehemu ya siri, upande wa nje, pale ambapo sisi wanawake tunaficha hata jina lake. Mchana ninajifunza kushona, na mwenye kushona anakaa siku nzima kwenye joto. Nina ndoto ya kufungua atelier yangu ya kushonea nguo, hata rangi ya mlango nimeshaichagua. Sasa mshonaji asiyeweza kukaa atashona nini? Kila mara ninasimama, ninasema ninaenda kunywa maji. Wenzangu wakanicheka kwamba nimekuwa samaki.

Kwenda kwa daktari niliogopa. Mimi sijajua mwanaume, lakini nilijua watu watasema nini: msichana wa chorale, ugonjwa wa kule, bon, tumeelewa. Nikaamua kujitibu. Tantine, shangazi yangu anayeuza samaki wa Yanonge sokoni, alinifundisha zamani kwamba mwanamke msafi anajiosha mpaka ndani, kwa maji ya moto yenye chumvi na ndimu. Nikajiosha asubuhi na jioni. Nikaongeza sabuni ya marashi. Kisha nikanunua kapsuli za rangi mbili kwa muuzaji wa barabarani, nikazimeza bila kuuliza ni za nini. Ndugu zangu, moto ukazidi! Ngozi ikawa nyekundu, ikachubuka, na kukojoa kukawa kama kupakwa pilipili.

Nikakimbilia maombi, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Waombaji waliponiuliza ninaumwa wapi, nikaona haya, nikasema kichwa. Jumapili tatu waliweka mikono juu ya kichwa changu, wakaomba mpaka jasho likawatoka. Na Mungu ni mwaminifu, kichwa changu kilikuwa chepesi sana. Kule kwingine kuliendelea kuwaka.

Jumapili ya tatu, mama Albertine, kiongozi wa waombaji, aliniita pembeni. Akanitazama, akasema polepole:

"Mutoto wangu, hatukaliake benchi na kichwa."

Nikalia. Nikamwambia yote, hata hofu ya jina langu kuharibika. Akanicheka kwa huruma.

"Sikio ikiwasha, tunaiulizaka ililala na nani? Kesho twende."

Kesho yake tukaenda kwenye kituo cha afya. Infirmière, muuguzi wa pale, aliniuliza maswali, akaangalia, akachukua ute kidogo kwa pamba, wakaupima. Akasema ni mycose, yaani fangasi. Alinieleza kwamba ndani ya mwanamke kunajisafisha kwenyewe. Chumvi, ndimu na marashi vinaunguza tu, na kapsuli zangu ziliua vijidudu vizuri vinavyotulinda, fangasi wakapata nafasi. Akanipa krimu, akaniagiza nijioshe kwa maji safi, nje tu, na nivae nguo za ndani za pamba zilizokauka vizuri, niache nylon.

Hakunificha kwamba kuwasha si fangasi kila mara. Kunaweza kuwa sabuni, upele, ugonjwa wa ngozi, hata ugonjwa wa zinaa, na huo pia unatibiwa, mtu na mwenzake. Donc tusibahatishe. Siku chache zikipita na hakupungui, usingoje. Ukiona kidonda au malengelenge, uchafu wenye harufu mbaya, damu isiyo ya mwezi, ukiumwa tumbo la chini au ukikojoa kwa maumivu, nenda. Mwenye mimba asijipe dawa mwenyewe, aende mapema. Kama kunarudirudi, wakupime na sukari. Na mama zetu waliokoma hedhi, wakiona ngozi imekuwa nyeupe kule au kidonda kisichopona, wasiseme ni uzee.

Baada ya siku chache nilishona gauni zima bila kwenda kunywa maji. Tantine nilimweleza. Akaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Ninamshukuru Mungu aliyeniponya kwa mkono wa infirmière, na aliyempa mama Albertine masikio ya kusikia benchi. Dada yangu unayejisogeza sasa hivi, mtumaini Bwana, na umwambie panapouma kweli. Mganga wa kituo cha afya naye umwambie hivyo hivyo. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza.

Jumapili iliyofuata niliwahi kanisani kabla ya watu wote. Nikaketi kwenye benchi ya tatu, juu ya ule ubao, nikafumba macho, nikaisali upya ile sala ya Jumapili tatu. Safari hii nilitaja mahali penyewe, kwa jina lake, kwa sauti. Benchi ilinyamaza.