Mkaguzi Aliyeambiwa Mwisho

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kufunga kazi, kiwanda chetu cha vikombe na sahani kitamuaga mkaguzi wake mkuu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jina lake la kwenye hati tunalijua wachache. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, tunamwita Mama Hapana, naye huitika bila kuinua macho kwenye kikombe.

Kamati ya kumuaga ilitaka wasifu huu uwe mfupi na wa furaha. Furaha ipo. Ufupi umetushinda, kwa sababu miezi minne ya mwisho ya utumishi wake ilituchanganya zaidi ya miaka yote iliyotangulia, na hadi leo wako watu humu ndani wanaoulizana, "Hivi ilikuwaje hasa?" Tutaeleza tulivyoelewa. Palipobaki giza, si mwandishi aliyelileta.

Alianza akiwa msichana wa kubeba mbao za vikombe vibichi kutoka kwenye kalibu, maumbo ya kumiminia udongo, hadi chumba cha kukaushia. Hakuvunja hata kimoja, jambo lililomtia wasiwasi msimamizi wa wakati ule, aliyeamini kwamba anaficha vipande. Akahamishiwa kwenye kubandika mikono ya vikombe, kazi inayotaka vidole vyepesi na mdomo mzito. Vidole alikuwa navyo. Hatimaye akawekwa kwenye meza ya ukaguzi, chini ya dirisha kubwa, na hapo akaota mizizi.

Ukaguzi wake mnaujua. Anainua kikombe, anakigeuza kwenye mwanga, anakigonga kwa ncha ya penseli, anasikiliza. Kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Kinachokohoa huenda kwenye pipa lililo karibu na mguu wake, na kabla hakijafika chini amekwisha kusema, "Hapana," taratibu na kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Mwaka aliokuja mgeni mkubwa kututembelea, meneja alikuwa anamkabidhi kikombe cha zawadi mbele ya wapiga picha. Mama akanyoosha mkono, akakipokea yeye, akakigonga, akamrudishia meneja. Mgeni aliondoka na kisosi.

Hata mkwe wake alipita kwenye meza hiyo. Mkwe ni mtu wetu wa tanuri, ndiye anayechoma vikombe. Alipokwenda kuposa, inasemekana Mama alimsogeza dirishani, akamzungusha, kisha akatoa hukumu: "Kina doa, lakini hakivuji." Ndoa ikafungwa. Bibi harusi, binti pekee wa Mama Hapana, anachora maua katika chumba cha rangi. Kwa hiyo kikombe chetu kikimfikia mteja kimepita mikononi mwa mume, mke na mama mkwe. Si familia nyingi zinazoweza kufanya kazi chini ya paa moja bila kugombana, na hii nayo haijawahi kudai kwamba inaweza.

Sasa yaliyotuchanganya.

Binti ni mjamzito. Mimba ilipofika mwezi wa tano alikwenda kwenye kipimo cha picha ya tumbo. Mpimaji akapitisha kifaa chake, akakirudisha, akakirudisha tena, halafu akamwita daktari. Mtoto ana mguu kifundo, tena miguu yote miwili: nyayo zimejikunja kwa ndani na kutazamana, kana kwamba kila mmoja unataka kumwuliza mwenzake kitu. Daktari alieleza kwamba hali hiyo hutibika, mtoto akishazaliwa. Binti alisikia yale ya mwanzo tu. Ya kutibika yalimpita kama yanavyotupita matangazo ya spika ya ukumbini.

Jioni akamwambia mumewe. Mumewe ni mtu mwema ambaye kwake siri ni kitu cha kula pamoja na wenzake. Kesho yake, kufikia chai ya saa nne, habari ilikuwa imetoka tanurini, imepita kwenye kalibu na kufika stoo. Alibaki mtu mmoja tu asiyejua: bibi wa mtoto.

Hilo halikutokea kwa bahati. Binti alitupitia mmoja mmoja. "Jamani, mama asijue. Nawaombeni." Tulipomwuliza sababu, alitazama kule kwenye meza ya dirishani, akaliangalia lile pipa. "Nyie si mnamjua mama? Sitaki nimwone akimtazama mwanangu vile." Hakuna aliyembishia.

Lakini kumficha jambo mkaguzi kunataka vipaji tusivyokuwa navyo. Akiingia chumba cha chai, maongezi yanakatika, kisha watu wanne wanaanza kusifia hali ya hewa kwa mpigo. Naye akakisia anavyokisia mtu wa kazi yake: kwamba tunampitishia vikombe vibovu mgongoni. Wiki ile alikataa nusu ya mzigo. Akafuata hata vilivyokwisha kufungwa, akaamuru maboksi yafunguliwe. Msimamizi wa ufungaji akamwuliza, "Mama, kwani unatafuta nini?" Akajibu, "Sijui. Ila kipo."

Wakati huo binti naye alikuwa anapewa elimu na kila mwenye mdomo. Shangazi wa mumewe alitaka kujua ni nani katika ukoo wa mke aliyewahi kutembea upande. Jirani alisema ni kwa sababu ya kukaa sana kwenye kigoda. Mtu wa stoo, kwa moyo safi kabisa, aliposikia kwamba tiba yenyewe ni plasta, alijitolea gunia zima, maana kalibu zetu ni za plasta na tunayo ya kutosha. Binti alimshukuru, kisha akaenda kulia nyuma ya maboksi. Mumewe alikaa mbele ya tanuri asubuhi nzima akisubiri lishike moto, ndipo akakumbuka kwamba hakuwa ameliwasha.

Yalifichuka siku moja ya Jumanne, kwa sababu ya maua. Mama Hapana alipokea ubao wa vikombe kutoka chumba cha rangi, akakuta maua yote hayana mashina. Akaubeba mwenyewe hadi kwa binti yake. "Haya yameota wapi? Hewani?"

Binti akavitazama vikombe, akamtazama mama, brashi ikamtoka mkononi. "Mama, mtoto ana mguu kifundo. Miguu yote. Wameiona kwenye picha." Wachoraji wenzake waliinamia kazi kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika chumba kile.

Mama aliuweka ubao chini. Halafu akauliza, "Bado hajaingia motoni?"

Tulitazamana. Binti akasimama, tumbo mbele, sauti juu. "Motoni? Mama! Huyu ni mtoto, si kikombe!"

Mama Hapana akaubeba ubao wake, akaondoka. Mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alipitisha kila kitu. Vikombe vyenye vipele, visosi visivyotulia mezani, buli lenye mdomo unaotazama pembeni: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Meneja alishuka mwenyewe kuhakikisha kama mama yuko hai. Kwa taarifa ya wasomaji, mzigo ule uliuzwa wote na hakuna mteja aliyelalamika. Meneja ameomba jambo hili tusilikuze.

Mama na mwana hawakusemeshana hadi Ijumaa. Siku hiyo, kwenye chai, Mama aliweka kikombe chake chini na kusema maneno mengi kuliko tuliyowahi kuyasikia kwake kwa mwezi mzima. "Nyie mnadhani kila kilichopinda nakitupa. Nani kawaambia? Pipa ni la vilivyokwisha kuchomwa. Kibichi kikija na mkono uliopinda, nakitupa? Si nakirudisha mezani, nakilowesha, nakinyoosha pole pole? Mimi niliuliza kama bado ni laini. Basi." Alikuwa anasema na sisi, lakini macho yalikuwa kwa binti yake.

Ilikuwa kweli, na wote tulikuwa tunaijua. Vikombe vibichi vimerudi kutoka meza ile kila siku ya Mungu, na tumevibeba kwa mikono yetu. Ila pipa lina kelele, na kurekebisha hakuna kelele. Binti akafuta uso kwa aproni. Akasema, "Sasa mama, si ungesema hivyo?" Mama akasema, "Nimesema." Watu wakacheka, hewa ikapatikana.

Pale palitosha. Lakini mkwe, ambaye ni mkweli kuliko inavyofaa, akakohoa kidogo. "Ila mama, ule mkono ulionyooshwa ukiwa mbichi, mara nyingine ukiingia motoni unarudi kupinda. Udongo unakumbuka."

Kila mtu wa kiwanda hiki anajua hivyo. Kila mtu pia alitamani kumtia yeye ndani ya tanuri. Binti alibadilika rangi. Na Mama Hapana, aliyekuwa ameonekana kushika jibu mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Unakumbuka." Tukarudi kazini tukiwa tumevurugika kuliko tulivyokuwa kabla ya chai.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki ya miguu, wote watatu. Yaliyotokea huko tumeyapata kwa vinywa vitatu, ambavyo havipatani juu ya nani alilia kwanza lakini vinapatana katika mengine. Mama Hapana hakusubiri kukaa. Alimwuliza muuguzi, "Mguu ukishanyooka, unarudi?"

Muuguzi hakumficha. "Unarudi, mama, mkizembea." Akaeleza kwamba mtoto akizaliwa, kila wiki mguu husogezwa kidogo na kufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, wiki kadhaa mfululizo. Mara nyingi hukatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino ili unyayo ushuke. Baada ya hapo ni viatu viwili vilivyoungwa kwa kifito cha chuma: kutwa kucha kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afikishe miaka minne hivi. "Plasta isiwatishe, hiyo tunafunga sisi. Viatu mtamvisha nyinyi, nyumbani kwenu. Siku za kwanza atalia. Mama atasema, leo tu nimvue. Baba atasema, kesho tutaendelea. Mguu hurudi kwa kupitia mlango huo."

Alipoulizwa kosa lilikuwa la nani, kigoda au ukoo, muuguzi alisema si la mtu yeyote. Jibu hilo halijamridhisha shangazi hadi leo.

Mkwe alianza kulia palepale, mtoto hata hajazaliwa. Binti alimtazama mumewe, akajitazama na yeye, mtu anayeiomba radhi brashi akiiangusha. Kisha akamgeukia yule aliyekuwa amemficha miezi yote hiyo. "Mama, mimi nitamvua. Najijua. Njoo ukae na sisi. Akilia tukataka kufungua, wewe ndiye utakayesema."

Hakutaja neno la kusemwa.

Kuhusu mkataba, kwa kuwa suala hilo limeulizwa sana: ni kweli meneja alikuwa amemwandalia miaka miwili ya nyongeza awafunze wakaguzi wapya, na ni kweli Mama alikuwa amekwisha kukubali. Alipoletewa kalamu, aliigeuza karatasi kwenye mwanga, akairudisha bila kutia saini. Meneja akadhani ni mshahara, akaongeza. Akadhani ni kiti, akaagiza kiti kipya chenye mgongo. Kiti kimefika. Anayekihitaji aonane na stoo.

Msije mkadhani anaondoka na uhakika. Juzi, alipomaliza kukabidhi meza, alikaa na sisi wa ufungaji juu ya maboksi. "Vikombe havilii machozi," akasema. "Sijawahi kukiambia hapana kitu kinachonililia. Huyu binti yangu nilimpa kila alichokililia, ndiyo maana yuko hivi." Akacheka peke yake. Halafu akauliza, bila kumwuliza mtu maalumu, "Na nikishindwa?" Mmoja wetu sisi tuliomdhania jiwe miaka yote, Mungu amsamehe, akaanza tena kusifia hali ya hewa.

Basi kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, wa kalibu, wa tanuri, wa rangi na wa ufungaji, tunakuambia, Mama, asante. Asante kwa kila kikombe kilichorudishwa mezani bila kelele, na kwa wakaguzi sita uliowafundisha kusikiliza kabla ya kusema. Asante pia kwa kutusamehe siri ambayo haikuwa yetu kuificha.

Mtoto anatarajiwa mwezi ujao. Miguu yake itakuwaje hatujui, wala wewe hujui, maana bado hakuna mkono ulioigusa.

Nenda salama, mama yetu. Wastaafu wengine huombewa mapumziko. Wewe tunakuombea nyumba yenye kelele, moyo mgumu saa ya kufunga mikanda ya viatu, na binti wa kukushika bega moyo huo ukilegea. Na ifike jioni moja ambapo utatoka na vile viatu mkononi, umwite mjukuu wako, naye akuone, ajue saa ya kuvishwa imefika, achomoke mbio uani hadi getini asikamatike. Siku hiyo, kabla hujamfuata, simama kidogo umtazame anavyokimbia.