Ndege ya Saa Sita na Inchi Moja ya Pindo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya karakana ya seremala. Ukilikalia lazima ubishe, la sivyo waachie nafasi wenye hoja. Alasiri ile kahawa ilikuwa ya moto, lakini seremala mwenyewe hakuwa na raha. Mama yake, aliye mji mwingine, anapasuliwa nyonga kesho saa nane mchana, na bi mkubwa kagoma: haingii chumba cha upasuaji bila kumwona mwanawe. Basi linaondoka leo saa kumi na moja jioni, linafika asubuhi. Ndege ipo kesho saa sita mchana. Saa hiyo ilikuwa kumi na nusu.

— Panda basi, nikamwambia. Mimi sizungushi maneno.

— Mara ya mwisho basi lilinilaza njiani. Nafika, baba keshazikwa. Nauli ya ndege ninayo, nataka kujua itachukua muda gani tu.

Mkasi, fundi cherehani wa jirani, alishabandua ukutani kalenda yenye ramani. Akamgeukia Gia Tano, dereva wa lori.

— Barabara kilomita ngapi?

— Mia sita. Nimeipiga miaka tisa, mashimo yake yote yananijua.

Mkasi akaulaza uzi juu ya barabara, kona kwa kona, akaupima kwa tepu.

— Inchi sita. Kwa hiyo inchi moja, kilomita mia. Sasa kiwanja cha ndege cha hapa mpaka cha huko, bila kona: inchi nne. Jumla mia tano.

— Inchi nne zinakuwaje mia tano? akauliza Gia Tano.

— Na inchi moja ya pindo.

— Pindo la nini? Unaishonea ndege suruali?

— Kaka, miaka ishirini sijatoa kipimo bila pindo. Mteja akichuchumaa ikachanika, aibu ya nani?

— Kwa hiyo muda gani? seremala akauliza, akiandika kwenye ubao.

— Saa nzima, ikikimbia mia tano kwa saa. Bila pindo, dakika arobaini na nane.

— Mnampotosha, akasema Redio, ambaye husikia kila kitu na hajawahi kusikiliza kimoja mpaka mwisho. Dunia inazunguka. Ndege ikienda mashariki, mji nao unakimbia mbele, rubani anaufukuza. Weka saa mbili.

— Basi rubani anyanyuke tu asimame hewani, akasema Gia Tano, dunia izunguke mpaka mji umfikie wenyewe. Hachomi mafuta hata tone.

— Na mji ukimpita?

— Anapiga breki ghafla. Unadhani abiria wanafunga mikanda ya nini?

Nilitaka kuwamwagia kahawa wote wawili. Hapo akafika dada mmoja na kiti kilichovunjika mguu. Akasikiliza kidogo.

— Samahani kaka zangu. Kutoka kiwanja cha huko mpaka hospitali ni mwendo gani?

Mkasi akainamia ramani, hospitali haimo. Gia Tano akasema malori hayaruhusiwi kuingia mjini. Redio akaomba sukari.

Seremala akaifuta ile hesabu kwa kiganja.

— Dada, kiache kiti, nikirudi ndiyo kazi ya kwanza. Mkasi, nifungie karakana.

— Unakwenda wapi?

— Stendi, niwahi basi. Ndege itatua saa saba, na hospitali hakuna anayejua iliko. Nikikwama tena kwenye barabara ile, tangu ile mara nilipolala njiani najua mlango wa kugonga. Huko angani ningemgongea nani?