Alichotaka Mama Futi Kisomwe Waziwazi

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne wa mwashi na muuza mboga. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, mwanamke mkali kama pilipili.

Mwaka 1978 alifungua kibanda chake cha cherehani karibu na kituo cha mabasi, akashona hapo mpaka Januari mwaka huu. Futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni. Hata siku ya harusi yake, tarehe 6 Desemba 1980, aliona mkono mmoja wa koti la bwana harusi umezidi mwenzake, akaupima palepale mbele ya wageni. Baba anasema tangu siku hiyo hajatoka nyumbani bila kukaguliwa.

Wanawake walimwendea kushona gauni, wakaondoka na ushauri juu. Aliyelalamika kwamba anatokwa jasho hata wakati wa baridi aliambiwa, "Mwanangu, huo ni umri, si uchawi. Lete kitambaa chepesi." Presha ilipompanda, alipunguza chumvi na kuanza kwenda kazini kwa miguu, nasi wanawe tukawa tunamfuata nyuma tukihema.

Lakini lake mwenyewe alilifanyia masihara. Hedhi ilikuwa imekoma miaka mingi, damu ikaanza kumtoka tena, naye akamwambia wifi yake, "Wifi, ujana umenirudia!" Wakacheka. Alipokwenda hospitali, saratani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeshasambaa. Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 14 Juni 2023, baba akiwa amemshika mkono.

Baba mkubwa aliomba hapa tuseme tu kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Tunamheshimu sana. Ila mama aliniagiza mimi, binti yake wa kwanza: "Usinifichefiche nikishakufa. Waambie nilitokwa na damu nikafanya mzaha. Wao wasifanye." Inaniuma kulisema, lakini ni agizo lake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wifi yake, na mdogo wake wa kike, mama yetu mdogo. Juzi huyu mama mdogo alinisikia nikiyasoma haya, akanivuta jikoni, akafunga mlango. "Mwanangu, na mimi hivyohivyo. Tangu mwezi wa nne." Ameniruhusu niliandike.

Mama, pumzika kwa amani. Jumatatu asubuhi tunampeleka mdogo wako hospitali.