Nilikuwa Shambani kwenye Simu, Mtani Wangu Yuko Chini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Haya, tena, Bwana asifiwe, maana huko nyuma mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Ahsanteni. Mnanifahamu, mimi ni Bibi Kalunde, nakaa hapa hapa Ipuli, nyumba yenye ua wa minyaa. Kama kuna aliyenizidi umri humu, shikamoo. Waliobaki, marahaba, nimewaitikia hata kabla hamjanisalimia. Mchungaji ameniomba nisiseme sana. Nimemwambia sawa baba, na wote wawili tunajua nitasema sana.

Ila leo sikuja kuwachekesha. Leo nimekuja na aibu yangu, nimeibeba hivi, nzito, na naiweka hapa mbele yenu mwione.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na shamba. Sisemi lile la karanga kule bondeni, lile mnalijua, na mwaka huu mmeliona lilivyoota magugu mkanyamaza kwa heshima. Nasema shamba la kwenye simu. Mjukuu wangu Neema alipokuwa anakwenda chuo Dodoma aliniachia simu yake ya zamani, hii ya kutachi, akaniwekea na mchezo. Akaniambia, "Bibi, ni wa bure, usiogope, utakuondolea upweke." Mtoto hakuwa na nia mbaya, msimlaumu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unapanda mahindi kwa kidole. Unangoja. Yanaiva, unavuna kwa kidole, unapewa sarafu. Si sarafu za kununulia chumvi, ni za humo humo. Sarafu unanunulia mbegu, mbegu unapanda, unavuna, unapewa sarafu. Mnacheka! Chekeni, na mimi ningecheka ningekuwa nimekaa hapo mlipo. Sasa ukitaka kitu kikubwa, banda la ng'ombe au kinu cha upepo, sarafu zako hazifai. Wanataka almasi. Na almasi ama unainunua kwa hela ya kweli, ama unaangalia matangazo. Unaangalia tangazo la sabuni mpaka mwisho, unapewa almasi moja. Unaangalia tangazo la mikopo, unapewa nyingine.

Mimi sikununua! Na hapo ndipo shetani aliponikamata, ndugu zangu, kwenye kiburi changu. Nilisema wanaonunua ni wavivu. Mimi Mnyamwezi, nimelima tumbaku ya baba yangu tangu nikiwa na meno ya utoto, nishindwe na mahindi ya kidole? Nitachuma kwa jasho! Basi nikachuma. Kidole hiki mnachokiona kikaota ngozi ngumu. Sabuni zote za nchi hii nimezitazama zikitoa povu.

Na wana akili watu wale. Ukifungua kila siku wanakupa zawadi, ya leo inaizidi ya jana. Ukiruka siku moja, unarudi mwanzo kabisa. Nikawa naamka asubuhi, kabla sijasema Baba yetu uliye mbinguni, nimeshaingia shambani. Binti yangu ananitumia bando tuongee tuonane sura, lote linaishia kwenye sabuni. Akipiga namwambia, "Mama, mtandao wa huku unasumbua," nakata, navuna. Mtoto niliyemzaa! Na mle kwenye simu nina majirani, sijui watu wa wapi, mmoja kaweka picha ya paka. Paka anaomba nimwagilie maua yake. Nakimbia kummwagilia, napewa sarafu. Namhudumia paka nisiyemjua, na jirani yangu wa kweli ananiita ng'ambo ya minyaa namjibu, "Nakuja," halafu siendi.

Huyo jirani ndiye kisa chenyewe. Ni Bi Mwanahawa. Wengi mnamjua, Mzaramo, alikuja Tabora na marehemu mume wake aliyekuwa kazi ya reli, wakakaa moja kwa moja. Yeye ni Mwislamu, mimi wa humu, na ni mtani wangu. Vijana siku hizi utani hamuujui vizuri. Babu zetu walitembea kutoka hapa mpaka pwani na mizigo mabegani, wakapita kwao, wakala kwao, wakagombana nao, wakazikana nao. Ndipo utani ulipotoka. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku, na huna pa kumshtaki. Sisi wawili tumetukanana mpaka tumezeeka. Mimi namwita mla nazi asiyejua jembe. Yeye ananiita punda wa msafara. Asubuhi asiponitukana nauliza, kulikoni, anaumwa?

Siku ile ilikuwa mchana, mawingu yamejikusanya upande wa Kitete. Mimi nimekaa barazani na simu. Kwenye shamba kulikuwa na mashindano ya mavuno, yanakaribia kufungwa, nimebakiza kidogo tu nipate kinu cha upepo. Bi Mwanahawa akaniita.

"Kalunde! Punda wee! Njoo unianulie nsansa zangu, mvua hiyo!"

Alikuwa ameanika majani ya kunde juu ya bati la jiko, kwenye nyungo. Mzaramo tumemfundisha kula nsansa, sasa anatushinda. Magoti yake hayamruhusu kupanda juu. Nikamjibu, "Nakuja!" Kidole kwenye mahindi.

Nikasikia kishindo, kama sufuria limeanguka. Halafu sauti: "Kalunde, nakufa huku!"

Sasa mtani wangu hufa kila siku. Chumvi ikimwishia anakufa. Akiona panya anakufa. Na mimi nikapaza sauti, "Kufa upesi, arobaini yako tule pilau!" Nikacheka mwenyewe kwa utamu wa jibu langu.

Halafu akaniita tena, sauti ya chini. Akasema, "Kalunde, si utani."

Ndugu zangu, nililisikia neno hilo. Naomba mnielewe vizuri hapa. Nililisikia. Kati ya watani, mtu akikuambia si utani, unatupa kila kitu unakwenda, hata kama uko msalani. Hiyo ndiyo sheria yetu, hatuna nyingine. Mimi nilisikia, nikatazama kidole, nikasema moyoni, ngoja nimalize mstari huu.

Nikaumaliza. Na ule uliofuata. Kinu nikakipata, kikaanza kuzunguka, nyota nyota zikarushwa. Mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha ndipo nikaenda.

Nilimkuta chini, kwenye tope, kigoda alichopandia kimemlalia, mguu umekaa vibaya, nsansa zimemmwagikia mwili mzima. Midomo inatetemeka kwa baridi. Akanitazama tu. Nikapiga kelele, majirani wakaja, tukampakia kwenye bajaji, hospitali. Mguu umevunjika, akafungwa hogo la plasta, akalazwa.

Na niseme yote, maana nimeagizwa niseme yote. Pale hospitali, kwenye benchi, yeye ndani anafungwa mguu, simu ikalia kwenye mkoba wangu. Mahindi yameiva. Nikaichomoa nikavuna. Mama mmoja pembeni yangu akaniambia, "Pole bibi, unawajulisha ndugu?" Nikasema, "Ndiyo mwanangu." Ee Mungu wangu!

Bi Mwanahawa alipoweza kuzungumza, nikamwambia kabla hajaniuliza: "Nisamehe, nilidhani ni utani." Akasema, "Basi dada Kalunde, utani wangu ndio ulioniponza. Mtu mzima napiga kelele za kufa kila siku, nani angenijali? Nimeuacha."

Dada Kalunde! Hajawahi kuniita dada tangu tumefahamiana. Nikadhani yatapita. Hayakupita. Akarudi nyumbani na magongo yake, nampelekea uji, ananiambia, "Ahsante dada, Mungu akulipe." Namtukana, "Mla nazi, kunywa upate nguvu ya kucheza ngoma," anatabasamu kama mtu anayesalimiana na afisa. Ua ule wa minyaa ukawa kimya. Sikupata kujua kimya kinaweza kuuma namna ile. Mtu nimemlaza kwenye tope, halafu nimemfanya aamini kosa ni lake.

Na ninyi hamkunisaidia, ndugu zangu! Jumapili ile mama mchungaji alinisimamisha hapa, akasema tazameni upendo wa jirani, Bibi Kalunde amemwokoa mwenzake wala si wa dini yake. Mkanipigia makofi na vigelegele. Na mimi nikasimama, nikapunga mkono! Makofi yale leo nayarudisha. Chukueni, si yangu.

Basi nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, niondolee huu mzigo. Nikasema, Bwana, mtani wangu... Simu ikalia. Mahindi yako yameiva! Na mkono wangu, nikiwa nimepiga magoti, macho nimefumba, mkono ukaifuata simu wenyewe. Nilipofumbua macho nikauona mkono wangu unavyokwenda, nikaogopa. Nikalia kwa sauti, "Yesu, huu mkono si wangu tena! Nishike!" Na Bwana akanishika, haleluya! Sikuona mwanga, sikusikia sauti, nisiwadanganye. Nilichopata ni nguvu ya kusimama na kwenda ng'ambo ya minyaa mchana kweupe na simu mkononi. Na kwangu mimi huo ni muujiza, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa inakataa.

Bi Mwanahawa alikuwa mkekani anachambua mchele. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. "Mwanahawa, nilisikia. Uliposema si utani, nilisikia. Nilikuwa nataka kinu."

"Kinu gani?"

Nikamwonyesha. Akaishika simu, akaitazama, kinu kinazunguka, kuku wanadonoa. Akatazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Akauliza, "Hiki kinasaga unga?" Nikasema hapana. "Hao kuku wanaliwa?" Hapana. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Akasema, "Siku zote hizi najiona mpumbavu, Kalunde. Nimeshindwa hata kuita mtu, naogopa wataniona natania. Jana nimeshinda na kiu, maji yako pale, sikuita."

Ndugu zangu, nimezika mume, nimezika watoto. Neno lile lilinikata kivyake.

Nikakaa chini kwenye mkeka wake. Yeye akafuta uso kwa kanga, akaikamata ile simu kwa mikono miwili. Akasema, "Kuanzia sasa shamba hili nimeliteka. Mtani nikiteka hurudishiwi. Linafutwaje?" Mimi sijui, yeye hajui. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, tukajikuta wote wawili tunatazama tangazo la sabuni, na almasi ikaingia! Akasema, "Mnyamwezi wewe, hata ukitubu unavuna!"

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nalia huku nacheka. Alikuwa amenitukana! Tukamwita binti anayeuza mihogo pale njiani, akaonyesha pa kubonyeza, Bi Mwanahawa akabonyeza mwenyewe kwa kidole chake, shamba likatoka. Banda, ng'ombe, kinu, yule paka, vyote.

Halafu akanitoza faini, maana kosa kati ya watani halipiti bure. Mimi nikasema nitakuletea kuku. Akasema, "Kuku nitajichukulia mwenyewe mguu ukipona. Faini yako nenda kanisani kwenu walikokupigia makofi, ukawaambie yote, mpaka lile neno la mwisho nililokuitia, la si utani. Ukiliruka nitajua."

Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Sasa sitaki kuwadanganya kwamba nimepona kama mtu asiyewahi kuumwa. Asubuhi mkono bado unatafuta. Ukitafuta, naupa kazi. Naushikisha jembe kule kwenye karanga, au nakwenda nakohoa kwenye minyaa mpaka nitukanwe. Binti yangu nimempigia, nimemwambia mtandao haukuwahi kusumbua, nilikuwa namkimbia. Kalia, halafu kaniuliza, "Mama, ulikuwa umefika hatua ya ngapi?" Kumbe na yeye anacheza! Tunaombeana.

Na humu ndani mmo. Msitazame chini, mimi sitaji jina. Yuko anayechuma almasi akiwa ananyonyesha. Yuko anayesema, ni wa bure, sitoi hata senti, namdhuru nani? Na mimi nilisema hivyo hivyo. Ndugu yangu, hawakutaka hela yangu. Walitaka nisigeuze shingo nikiitwa, na niliwapa. Njoo kwa Bwana na mkono wako huo huo unaotafuta simu. Yeye hakuambii ngoja nimalize mstari. Ukimwita anageuka! Halafu ukitoka kwake, nenda kwa yule uliyemwacha akiita, mwambie ulisikia. Usiseme hukusikia. Sema ulisikia. Hapo ndipo panapouma, na hapo ndipo mimi nilipofunguliwa.

Ahsante Yesu kwa kunipa mguu wa kuvuka ua. Ahsante kwa kuniachia mtani akiwa hai. Yuko hapo nje, kwenye benchi chini ya dirisha, amekataa kuingia, amesema nikiruka neno atagonga ukuta kwa gongo.

Nyamazeni kidogo tusikilize.

Hajagonga. Bwana asifiwe!