Risala ya Walinzi Kuhusu Bakuli la Saida na Mtambo wa Kurushia Ndege

Mgeni rasmi, Bwana Cornelius Mwaura, Meneja wetu wa Ulinzi. Injinia Tom, mwenye mtambo. Na wenzetu wote mliokuja kufuturu:

Makaribisho

Assalaam alaykum, na kwa wale wa Bwana asifiwe, asifiwe. Sisi walinzi wa zamu ya jioni tumefurahi kukuona tena, tena ukiwa na shati safi. Risala hii inasomwa na Milcah kwa sababu siku ile alikuwa likizo, hivyo ndiye pekee ambaye hujamkasirikia.

Historia fupi

Ramadhani hii, hapa Doha, tumekabidhiwa ukumbi unaoandaliwa kwa maonyesho ya vifaa vya majini. Humo mna mtambo wa majaribio wa kurushia ndege kutoka kwenye manowari. Injinia Tom alitueleza vizuri: zamani meli hizo zilitumia mvuke, siku hizi ni umeme na sumaku. Toroli linateleza kwenye reli na kuisukuma ndege kulingana na uzito wake, nzito kwa nguvu, nyepesi kwa upole. Tulimpigia makofi.

Mafanikio

Hakuna hata msumari ulioibwa. Pia tumejifunza sayansi, ingawa nusu.

Changamoto

Kanuni yako inakataza mlinzi kuacha lindo, hata kwa futari. Tunaiheshimu. Lakini Saida analinda mlango wa mashariki na Twaha wa magharibi, na juzi Saida alimpelekea Twaha bakuli la katlesi kwa mkono wa mfagiaji. Unajua mambo yetu: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Twaha akakaanga kaimati kambini kwetu Al Rayyan, akazimwagia shira, akajaza bakuli la Saida, akaja nalo lindoni. Adhana ikakaribia, mfagiaji haonekani. Mtambo ulikuwepo, na reli yake inaanzia kwa Twaha na kuishia kwa Saida.

Twaha hakukusudia utundu. Alidhani, na sisi sote tulidhani, kwamba mtambo unajipimia uzito wenyewe. Kumbe ulikuwa umeachwa kwenye kipimo cha ndege ya kivita! Twaha akaweka bakuli kwenye toroli, akasema, "Bismillahi," akabonyeza. Wakati huohuo wewe ukafungua mlango wa mashariki kuja kutukagua.

Yaliyofuata unayajua kuliko sisi. Saida alipiga kelele, "Wallahi afande, inama!" Hukuinama. Tunachoweza kuthibitisha ni kwamba mtambo ni mzima, na kwamba shira haitoki kwenye tai yako kwa maji baridi.

Maombi

Tulikuwa na maombi ya feni na ya basi la kambini. Tumeyafuta, tumebaki na moja.

Umeamuru Twaha arudishwe kwao Tanga, na ndege yake ni kesho. Mgeni rasmi, tunaumia. Ana watoto wanaomtegemea, na kosa lake ni kutotaka mwenzake afuturu maji matupu. Kaimati ulizokula leo kazikaanga yeye. Safari hii tumezileta kwa mikono.

Bakuli la Saida bado liko ofisini kwako kama ushahidi, limebonyea upande mmoja. Tunaomba ulirudishe. Na kwa kuwa kilichokuwemo ulikivaa, na cha leo umekila, nawe sasa ni jirani yetu. Usilirudishe tupu. Tuwekee humo msamaha wa Twaha.

Mungu akuzidishie subira, akukinge na vyote virukavyo.

Ni sisi,
Walinzi wa Zamu ya Jioni, Doha,
akiwemo Twaha, mpaka kesho.