Mzee Zabroni Nduwayo (1961–2025): Aliondoka na Akili Zake Timamu

Bwana asifiwe. Amahoro, amani kwenu ndugu, jamaa na majirani. Mimi ni Joanita, mdogo wake marehemu, yule wa mawese pale sokoni. Karatasi mlizoshika zilichapishwa jana Bujumbura, na nilizikubali mimi mwenyewe. Leo asubuhi nimeandika nyingine kwa mkono, na hii ndiyo nitakayoisoma. Mnivumilie, maana tangu Ijumaa sijielewi.

Marehemu Zabroni Nduwayo alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, Mutambara, hapa Rumonge, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Bandora na marehemu Mama Rahabu. Mwaka 1972, kabla hajatimiza miaka kumi na mmoja, alivuka ziwa na wazazi hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Mimi nilizaliwa hukohuko, nikamkuta ameshakuwa kijana.

Alimaliza darasa la saba Ulyankulu mwaka 1978. Hakuendelea mbele, lakini jamani, mwandiko wake! Watu walitoka vijiji vingine kuja kuandikiwa barua. Siku moja bwana mmoja alitaka kaka yake aje amsaidie kulima, akamwambia marehemu aandike kwamba yeye ni mgonjwa wa kitandani. Marehemu akamtazama, mtu mzima wa afya, anakula muwa. Akaandika: "Kaka, anasema anaumwa." Yule bwana alijua kilichoandikwa siku kaka yake alipokuja kumcheka.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Speciosa, wifi yangu huyu aliyekaa hapa, na Mungu akawapa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa useremala. Tuliporudi nyumbani mwaka 2008 alifungua karakana karibu na soko, na mabenchi yote ya kanisa letu, sitini na manne, aliyachonga yeye. Mwaka 2021 kijana wake Léonard alimnunulia simu ya kioo kikubwa. Akawa anaishika kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo, na kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kila aliyeandika "amina" alijibiwa kwa jina lake: "Amina nawe, ndugu Mulamba." Watu mia na arobaini! Tukamwambia kaka, acha, unatumalizia chaji.

Mwaka 2009 alichaguliwa kuwa katibu wa baraza la wazee. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha waliotengwa. Kwa wageni wetu nieleze: kwetu mtu akianguka dhambini baraza humtenga, jina lake husomwa Jumapili mbele ya watu wote, na hadi atakaporejeshwa haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, na akifa kanisa halimziki. Marehemu aliyasoma majina hayo bila kupepesa macho.

Jumapili tarehe 13 Oktoba 2019 alisoma jina la Agneta, binti yake wa mwisho, kwamba amepata mimba nje ya ndoa. Ibada ilikuwa inarushwa mtandaoni moja kwa moja. Ndugu zetu wa Kanada na Australia walisikia yote. Agneta alikuwa amemtaja baba wa mtoto, kiongozi wa kwaya, na baraza likasema anamsingizia mtumishi wa Mungu. Mimi niliamini baraza. Jioni ile Agneta alibisha kwangu, sikumfungulia. Nalisema leo mbele yenu. Akaenda zake Kabonga kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akajifungulia huko.

Februari mwaka huu kanisa lilitangaza kwamba kiongozi yuleyule wa kwaya atawekewa mikono awe mchungaji. Mnajua desturi yetu: jina hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara husemwa, mwenye neno alilete. Jumapili ya kwanza marehemu alilipeleka neno lake ofisini. Wakamwambia, "Mzee, hilo lilishafunikwa kwa damu ya Yesu." Ya pili akarudi. Wakamwambia, "Nenda ukapumzike, Mzee Zabroni. Angalia presha yako." Ya tatu, tarehe 23, hakwenda ofisini. Aliketi karakana, akaegemeza simu kwenye kopo la gundi, akajirusha mtandaoni mwenyewe kwa dakika sita.

Mimi nililetewa habari na jirani yangu wa sokoni, Mwasiti. Akaingia kwangu bila hodi. "Mama Joanita, iko kitu muzee anasema kwa Facebook. Uketi kwanza."

Haki ya Mungu, nilifikiri nimesikia vibaya. Nikaomba airudishe. Kaka yangu alikuwa anasema hivi: "Kijana huyu alikiri mbele yetu wazee saba, tarehe 9 Oktoba 2019. Alipiga magoti. Tukasema harusi yake na binti wa mchungaji ni baada ya wiki mbili, kadi zimeshagawiwa, basi liandikwe jina la Agneta peke yake. Mwandishi ni mimi. Nilijua mwanangu anasema kweli, nikalisoma jina lake."

Alijua! Miaka mitano na zaidi alijua, akila nami, akiomba nami, na mimi nimemfungia mtoto wake mlango. Nimemlilia kaka yangu siku tano na nimemkasirikia siku hizohizo tano, na sijui mtu aliye ndani ya sanduku anakasirikiwaje.

Tarehe 2 Machi baraza lilimtenga marehemu kwa kosa la kupeleka siri za kanisa mtandaoni. Na hilo nalo lilirushwa moja kwa moja. Nauliza tu kama mwanamke wa mawese: jina la Agneta lilikuwa limepelekwa wapi?

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu 2016, akimeza dawa zake bila kukosa. Jumanne tarehe 4 Machi alipanda basi dogo kwenda Kabonga kwa Agneta, na siku ya Ijumaa tarehe 7, saa nne asubuhi, akiwa anapiga randa, alianguka. Alifikishwa hospitali Nyanza-Lac, na saa sita kasoro akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Jumatatu wazee wa baraza walifika msibani. Walisema kanisa litakuja kuzika, na mchungaji na kwaya yenye sare, ikiwa mambo mawili yatafanyika. Video ifutwe, na wasifu huu useme marehemu alichanganyikiwa. Kaka yetu mkubwa Tarsisi akakubali. Nami nikakubali, sitawadanganya. Sikutaka kaka yangu azikwe kama mtu asiye na kanisa. Ndiyo maana ukurasa wa pili mnasoma: "Katika wiki zake za mwisho marehemu alisumbuliwa na kuchanganyikiwa kwa akili."

Leo alfajiri Agneta alinijia na simu ya baba yake. "Shangazi, namba ya siri ninayo. Ukisema nifute, nafuta. Ila nikwambie alivyofika?" Nikamwambia aseme. "Alisimama pale nje, akakataa kukaa. Akasema, 'Nimekuja kukuomba msamaha, na naona mlango wako haufungi. Nianze na kipi?' Nikamwambia aanze na mlango. Alipima mara mbili, akachagua mbao mwenyewe. Alhamisi, tukiwa tunakula, nikamwambia nimemsamehe. Akalia, halafu akaniuliza bawaba nimeweka wapi."

Huyo ndiye aliyechanganyikiwa?

Sentensi ile siisomi. Video haifutwi. Mchungaji, nakuheshimu, wanangu umewabariki wewe. Ukiona vyema kuondoka na kwaya, njia iko wazi na hakuna atakayekutukana. Kaka Tarsisi, unisamehe, sikukuambia kwa sababu ungenizuia. Kaka yetu tutamzika sisi.

Marehemu ameacha mjane, Speciosa. Kaka mmoja, Tarsisi. Wadogo wawili, mimi na Ange. Na watoto wanne, Léonard, Rebeka, Daudi na Agneta. Karatasi yenu inasema ameacha wajukuu watano. Mwenye kalamu afute, aandike sita. Wa sita ni Irakoze wa Agneta, miaka mitano, na baba yake yu hai, anajijua alipo.

Bwana akupokee kwa amani, kaka yangu, umechoka.

Irakoze, mjukuu wangu, njoo hapa mbele ya watu. Shika msalaba wa babu, utangulie. Sisi tunakufuata.